Chuma na Saruji Kilindini mwa Ardhi: Jinsi Bomba la Kisima Linavyostahimili Kanieneo Kubwa

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binadamu wa leo ameinama mno. Ili apate mafuta, gesi na mvuke wa kuendeshea mitambo ya umeme, amechimba mashimo yanayoteremka kilomita mbili, tatu na hata zaidi ya tano chini ya ardhi. Nchini Kenya visima vya aina hii si jambo geni. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi mwaka 1981. Katika eneo la Menengai, Nakuru, uchimbaji ulianza mwaka 2011. Na mnamo Machi 2012, mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, Kaunti ya Turkana.

Licha ya hayo, maarifa kuhusu visima hivi hayapatikani kwa wingi katika lugha ya Kiswahili. Mwananchi anayeishi jirani na kisima huambiwa kwamba kisima ni salama kwa kuwa kimejengwa kwa chuma na saruji. Maelezo hukomea hapo. Haelezwi chuma hicho kinafanya nini, saruji inafanya nini, wala ni katika hali gani viwili hivyo hushindwa. Aghalabu huishia kudhani kwamba saruji ni ukuta imara unaokitia chuma nguvu, na kwamba panapokuwa na saruji nyingi, hatari huwa imekwisha. Dhana hii ina ukweli kiasi, lakini ina upungufu mkubwa.

Makala haya yanalenga mambo matatu. Kwanza, yanafafanua istilahi za kimsingi zinazohitajika katika mjadala huu. Pili, yanaeleza tabia ya bomba la chuma lililozungushiwa saruji linapokabiliwa na kanieneo kubwa kutoka ndani na kutoka nje. Tatu, yanaitumia mifano ya Olkaria na ya kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko kuonyesha namna nadharia hii inavyojitokeza katika uhalisi, kisha yanadokeza wajibu wa Kiswahili katika suala hili.

Istilahi za kimsingi

Neno la kwanza linalohitaji ufafanuzi ni kanieneo. Neno hili limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili: kani na eneo. Muundo wake wenyewe ni maelezo ya dhana, kwa kuwa kanieneo ni kani inayotua juu ya kila kipimo cha eneo. Nchini Kenya neno lililozoeleka zaidi ni shinikizo, kama katika shinikizo la damu. Hata hivyo, shinikizo limebeba pia maana ya kumlazimisha mtu kufanya jambo. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia kanieneo.

Kipimo cha kanieneo kitakachotumiwa ni megapaskali. Ili msomaji apate picha ya kipimo hiki, azingatie kwamba safu ya maji yenye kimo cha mita 100 huzaa kanieneo ya takriban megapaskali 1 kwenye sehemu yake ya chini. Kwa hiyo kisima chenye kina cha mita 2,000, kikijazwa maji baridi hadi juu, huwa na kanieneo ya megapaskali 20 hivi chini kabisa. Tairi la gari dogo huwa na robo ya megapaskali tu, au pungufu.

Neno la pili ni mkazo. Kanieneo hutoka kwa kiowevu au gesi inayosukuma ukuta. Mkazo ni kani iliyo ndani ya ukuta wenyewe, yaani jinsi chembe za chuma zinavyovutana au kubanana zinapojaribu kuhimili msukumo huo. Upo mkazo wa kuvuta, ambao hutaka kukitenganisha kitu, na mkazo wa kubana, ambao hutaka kukishindilia. Chuma huhimili vyote viwili vizuri. Saruji huhimili sana mkazo wa kubana, lakini ni dhaifu mno mbele ya mkazo wa kuvuta; nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kuhimili kubanwa. Tofauti hii ndiyo kiini cha mjadala wote unaofuata.

Neno la tatu ni bomba la kisima, ambalo wachimbaji wengi huliita kesingi. Hili si bomba la kupitishia mafuta au maji kutoka mahali pamoja hadi pengine, bali ni ukuta wa kisima chenyewe.

Jinsi kisima kinavyojengwa

Kisima kirefu hakichimbwi kwa mkupuo mmoja. Huchimbwa kwa hatua, na kila hatua huwa nyembamba kuliko iliyotangulia, mithili ya darubini ya kale inayokunjuka. Katika visima vya Olkaria, utaratibu wa kawaida ni kuanza na bomba la kipenyo cha inchi 20 karibu na uso wa ardhi, likafuatwa na la inchi 13 na tatu ya nane ndani yake, kisha la inchi 9 na tano ya nane linaloteremka takriban mita 700 hadi 1,200. Chini ya hapo huwekwa bomba la inchi 7 lenye matundu, ambalo halizungushiwi saruji kwa kuwa kazi yake ni kuupisha mvuke uingie.

Kila bomba huundwa kwa vipande vya takriban mita 12 vilivyofungwa pamoja kwa skurubu. Bomba likishateremshwa, saruji laini kama uji husukumwa ndani yake hadi chini. Inapofika kitakoni hutoka, kisha hupanda juu kupitia uwazi uliopo kati ya bomba na mwamba. Baada ya saa kadhaa hukauka na kuwa pete ndefu ya jiwe inayolikumbatia bomba.

Pete hiyo ina kazi tatu. Hulishika bomba lisisogee. Hulikinga dhidi ya maji yanayosababisha kutu. Zaidi ya yote, huziba njia ili maji, gesi au mafuta ya tabaka moja la mwamba yasipande kwa nje ya bomba na kuingia katika tabaka jingine au kufika juu. Katika orodha hii, kulitia bomba nguvu dhidi ya kanieneo ya ndani si kazi kuu. Wahandisi wengi wanapokokotoa nguvu ya bomba dhidi ya kupasuka hulihesabu kana kwamba limesimama peke yake, na msaada wa saruji huuchukua kuwa akiba tu.

Kanieneo inaposukuma kutoka ndani

Tuchukulie bomba la kipenyo cha inchi 9 na tano ya nane, yaani milimita 244.5, lenye ukuta wa unene wa milimita 12. Kanieneo inapopanda ndani yake, ukuta husukumwa nje pande zote. Bomba hutaka kutanuka, lakini haliwezi kutanuka bila mzingo wake kurefuka. Kwa hiyo mkazo mkubwa zaidi hauelekei nje, kama ambavyo mtu angedhania, bali huuzunguka mzingo wa bomba. Mkazo huu unaweza kuitwa mkazo wa mzingo. Ndiyo sababu bomba lililopasuka kwa kuzidiwa na kanieneo ya ndani huchanika kwa urefu, kama soseji iliyokaangwa kwa moto mkali.

Kanuni ya kukadiria jambo hili inahusishwa na mwanahisabati wa Uingereza Peter Barlow, aliyeishi kati ya 1776 na 1862. Kwa maneno mepesi, kanieneo ambayo bomba linaweza kuhimili huongezeka kadiri ukuta unavyokuwa mnene na chuma kinavyokuwa na nguvu, na hupungua kadiri kipenyo kinavyopanuka. Kwa bomba lililotajwa, likiwa limetengenezwa kwa chuma ambacho kikomo chake cha kunyumbuka ni ratili 80,000 kwa inchi ya mraba, kiwango hicho ni ratili 6,870 kwa inchi ya mraba, ambazo ni takriban megapaskali 47. Hesabu hii huwa tayari imepunguzwa kwa sehemu moja ya nane, kwa kuwa kiwandani ukuta unaweza kutoka ukiwa mwembamba kidogo kuliko ulivyokusudiwa.

Je, bomba hilo hutanuka kiasi gani kabla ya kufikia kikomo? Likipewa kanieneo ya megapaskali 40 bila msaada wowote wa nje, nusu-kipenyo chake huongezeka kwa takriban sehemu moja ya tano ya milimita. Kiasi hicho ni kidogo kuliko unene wa ukucha. Chuma hakioni taabu yoyote. Kanieneo ikiondolewa hurudi katika umbo lake la awali. Lakini saruji inayolizunguka haina uwezo huo wa kunyumbuka.

Ili kulielewa jambo hili, tutazame tairi kuukuu la baiskeli lenye tyubu mpya ndani yake. Tyubu inapojazwa upepo hutanuka bila shida. Tairi lililochakaa hulazimika kutanuka nayo, na kwa kuwa mpira wake umekwisha kukakamaa, hupata nyufa. Pete ya saruji hupatwa na hali iyo hiyo. Bomba linapotanuka, upande wa ndani wa pete hubanwa dhidi ya mwamba, na huko saruji haina neno. Hata hivyo, mzingo wa pete nao hulazimika kurefuka, ndipo mkazo wa kuvuta unapoingia. Ukizidi uwezo wa saruji, nyufa huanza kando ya bomba na kuelekea nje, kama miale ya jua.

Hapo mwamba nao huwa na usemi. Ukiwa mgumu, huizuia pete isitanuke na kuipunguzia mkazo wa kuvuta. Ukiwa laini, huiacha pete bila mhimili, na nyufa hutokea mapema zaidi. Hivyo basi bomba, saruji na mwamba ni mafiga matatu, na udhaifu wa figa moja hulitikisa lile jingine.

Madhara mengine hutokea wakati kanieneo inapopungua. Bomba husinyaa na kurudi mahali pake, lakini saruji iliyokwisha kushindiliwa hairudi yote. Baina yao hubaki upenyo mwembamba, pengine usiozidi unene wa unywele. Maji huenda yasipite hapo kwa urahisi, lakini gesi hupita. Ikumbukwe kwamba upenyo huo unaweza kuendelea kwa mamia ya mita. Kwa sababu hii, kila mara kisima kinapopandishiwa kanieneo na kushushiwa, kuzibika kwake hudhoofika kidogo, hata kama chuma chenyewe hakikufikia kikomo. Ndiyo maana wachimbaji waangalifu hupendelea kulipima bomba kwa kanieneo kubwa mara tu saruji inapomaliza kusukumwa, ingali uji, badala ya kungoja iwe jiwe ndipo waitanue.

Kanieneo inaposukuma kutoka nje

Bomba linaposukumwa kutoka nje, tabia yake hubadilika kabisa. Halichaniki, bali hubonyea. Bomba lile lile linalohimili megapaskali 47 kutoka ndani huhimili takriban megapaskali 33 tu kutoka nje. Sababu ni kwamba kanieneo ya ndani hulisaidia bomba kuwa duara kamili, kwani hunyoosha kila kasoro ya umbo. Kanieneo ya nje hufanya kinyume. Ikipata mahali palipobonyea hata kidogo, hupazidisha, na kadiri panavyobonyea ndivyo panavyozidi kudhoofika. Kwa hivyo kubonyea hakutokei polepole. Bomba husimama imara mpaka kikomo kifike, kisha hukunjika ghafla na kuwa kama mkebe uliokanyagwa.

Uzito pia huchangia. Bomba la mfano wetu lina uzito wa takriban kilo 70 kwa kila mita, hivyo mita 1,000 zake zina tani 70. Sehemu ya juu inayobeba mzigo huo huwa katika mkazo wa kuvuta, na chuma kinachovutwa kwa urefu hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kukataa kubonyea.

Hapa saruji ni rafiki wa kweli, ilimradi iwe imelizunguka bomba lote bila pengo. Hulizuia lisiwe na umbo la yai. Lakini saruji yenye pengo upande mmoja inaweza kuwa adui. Bomba hushikwa kwa nguvu upande huu na kuachwa wazi upande ule, kisha kanieneo yote hutua pale palipo wazi. Kwa sababu hiyo huwekwa vishikio vya chemchemi vinavyolisimamisha bomba katikati ya shimo wakati saruji inapopanda. Bomba likiegemea upande mmoja, saruji hufuata njia pana na kuyaacha matope ya kuchimbia yamebaki katika ule mwembamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kisima, ukuta huo haujengeki kwa urahisi, kwa kuwa haufikiwi na mkono wa mtu.

Joto na visima vya Olkaria

Katika visima vya mvuke, kanieneo haiji peke yake. Huandamana na joto, ambalo katika Olkaria hupita nyuzi 300 za selsiasi katika vilindi vya baadhi ya visima.

Chuma kikipata joto hurefuka. Bomba la mita 1,000 likipashwa kwa nyuzi 250 zaidi ya hapo awali, lingerefuka kwa mita 3 kama lingekuwa huru. Lakini haliko huru, limeshikwa na saruji toka chini hadi juu. Urefu usiopata pa kwenda hugeuka kuwa mkazo wa kubana, ambao kwa hesabu nyepesi ungefikia megapaskali 600. Aina moja ya chuma inayotumika sana katika visima hivi ina kikomo cha takriban megapaskali 380 tu. Kwa maneno mengine, chuma huvuka kikomo chake cha kunyumbuka na kujikunyata daima. Hakivunjiki, kwa sababu saruji huzuia kisipinde. Hatari huja baadaye, kisima kinapopozwa kwa maji baridi. Chuma kilichokwisha kufupishwa na joto sasa hutaka kusinyaa zaidi, hakiwezi, na mkazo hugeuka kuwa wa kuvuta. Viungo vya skurubu huweza kuachana. Hii ndiyo sababu kisima cha mvuke hupashwa na kupozwa taratibu, na pia ndiyo sababu bomba lake huzungushiwa saruji kwa urefu wake wote, tofauti na visima vingi vya mafuta ambavyo huzungushiwa sehemu ya chini tu.

Lipo tatizo jingine lisiloonekana. Ikiwa maji kidogo yatanaswa ndani ya saruji iliyopo kati ya bomba moja na jingine, yatapashwa pamoja na kisima. Maji yaliyofungiwa hayana pa kutanukia. Yakishakuwa moto, kila nyuzi moja inayoongezeka huweza kupandisha kanieneo yake kwa megapaskali 1 au zaidi. Ikizingatiwa kwamba bomba letu huhimili megapaskali 33 kutoka nje, ongezeko la makumi machache ya nyuzi linatosha kulibonyeza. Mfuko mdogo wa maji unaweza kukiharibu kisima chote kilichogharimu mamilioni ya shilingi.

Saruji yenyewe nayo huathirika. Saruji ya kawaida ikikaa katika joto linalozidi nyuzi 110 hivi hubadilika muundo, ikapungua nguvu na kuanza kupenyeza maji. Dawa yake ni kuichanganya na unga wa silika, kiasi cha asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa saruji.

Funzo la Macondo, 2010

Mnamo tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa uchimbaji uitwao Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, nje ya pwani ya Louisiana, Marekani. Watu 11 walifariki. Siku mbili baadaye mtambo ulizama. Kisima chake, Macondo, kilikuwa chini ya maji yenye kina cha takriban mita 1,500, na jumla ya kina chake kutoka juu ilikuwa zaidi ya mita 5,500.

Tume ya kitaifa iliyoteuliwa na rais wa Marekani ilitoa ripoti yake Januari 2011. Chuma cha bomba hakikuwa chanzo cha mkasa. Saruji iliyowekwa chini kabisa ilishindwa kuziba, mafuta na gesi vikaingia kupitia kitako cha bomba na kupanda kwa ndani. Vishikio vilivyotumika vilikuwa 6, ilhali hesabu za kampuni ya saruji zilikuwa zimependekeza 21. Tume haikusema kwamba upungufu huo peke yake ndio ulioleta mlipuko, lakini iliutaja miongoni mwa maamuzi yaliyoongeza hatari.

Jambo lenye funzo kubwa zaidi ni jaribio lililofanywa jioni hiyo. Wafanyakazi walishusha kanieneo ndani ya kisima kimakusudi ili waone kama kitabaki kimya. Kisima kilichozibika hukaa kimya. Kipimo kwenye bomba la kuchimbia kilipanda hadi ratili 1,400 kwa inchi ya mraba, huku mrija mwingine ulioungana na kisima hicho hicho ukionyesha sufuri. Kipimo hicho cha 1,400 kilikuwa kilio cha kisima. Lakini palitolewa maelezo yaliyoonekana kuuondoa wasiwasi, yakakubaliwa, na kazi ikaendelea. Saa chache baadaye mlipuko ulitokea.

Mafuta yalitiririka kwa siku 87. Tarehe 15 Julai 2010 kifuniko kipya kilifungwa. Hapo likazuka swali ambalo ndilo hasa kiini cha makala haya: je, bomba lingali zima? Katika bomba la inchi 16 la kisima hicho palikuwa na vibao maalumu vilivyotengenezwa vipasuke ili kupunguza kanieneo inayonaswa nje ya bomba la ndani. Ilihofiwa kwamba vilikuwa vimepasuka. Iwapo ni hivyo, kukifunga kisima juu kungeyasukuma mafuta pembeni kupitia miamba hadi yatokeze kwenye sakafu ya bahari, mahali ambapo hakuna kifuniko kingeweza kuwekwa.

Wataalamu walikubaliana vigezo. Kanieneo ikipanda na kupita ratili 7,500 kwa inchi ya mraba, bomba ni zima. Ikibaki chini ya 6,000, linavuja, na kisima kifunguliwe tena. Kipimo kilipopatikana kilikuwa takriban 6,600, katikati ya vigezo hivyo viwili. Mwanahaidrolojia Paul Hsieh wa shirika la jiolojia la Marekani alipatiwa takwimu hizo na kuzifanyia kazi usiku kucha. Alionyesha kwamba kipimo hicho cha chini kingeweza kuelezwa bila uvujaji wowote, kwa kuwa hifadhi ya mafuta ardhini ilikuwa imepungua nguvu baada ya kutiririka karibu miezi mitatu. Kisima kikaachwa kimefungwa. Kanieneo iliendelea kupanda polepole, kama alivyokadiria, hadi karibu ratili 6,900. Bomba lilikuwa zima. Kisima kilitangazwa kuwa kimekufa tarehe 19 Septemba 2010.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, namba moja ya kanieneo haina maana kamili mpaka isomwe katika muktadha wake, kama vile neno lisivyo na maana kamili nje ya sentensi. Pili, katika tukio la Aprili na lile la Julai palikuwa na kipimo kisichoeleweka. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza watu walichagua ufafanuzi uliowaruhusu kuendelea, na mara ya pili waliujaribu ufafanuzi wao dhidi ya vipimo vilivyofuata, saa baada ya saa, huku wakiwa tayari kukifungua kisima.

Wajibu wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yanawahusu nini wanafunzi wa Kiswahili? Yanawahusu sana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza umma ushiriki katika utunzaji wa mazingira. Haki hizi hutegemea maneno. Mwananchi hawezi kuuliza swali ambalo lugha yake haijampa maneno ya kuliuliza.

Tuchukue mfano wa baraza la wananchi ambapo afisa anaeleza kwamba bomba la kisima limeharibika. Kitenzi hiki kinaficha mambo matatu tofauti. Bomba linaweza kuwa limepasuka, yaani kanieneo ya ndani imelichana, na yaliyomo yanatoka. Linaweza kuwa limebonyea, yaani limesukumwa kutoka nje, na pengine hakuna kinachotoka bali kisima kimezibika. Au bomba ni zima kabisa, lakini saruji imeachana nalo, na gesi inapanda kimyakimya kwa nje. Katika hali ya tatu, anayetazama mdomo wa kisima hataona lolote, ilhali maji ya visima vya jirani huenda yakaathirika. Hatari hizi tatu hazifanani, na tiba zake hazifanani. Lugha inayozitaja zote kwa neno moja humnyima msikilizaji nafasi ya kujua ni ipi inayomkabili.

Jambo la kutia moyo ni kwamba maneno mengi yanayohitajika yamo tayari katika Kiswahili cha kila siku. Kupasuka, kubonyea, kunyumbuka, kusinyaa, kupenyeza na kuachana ni vitenzi anavyovijua kila mzungumzaji. Kinachohitajika ni kuvipa mipaka ya maana na kuvitumia bila kuvichanganya. Pale ambapo neno halipo, njia za uundaji wa istilahi zinajulikana: kuunganisha, kama katika kanieneo, kupanua maana, kama katika mkazo, au kutohoa, kama wachimbaji walivyokwisha kufanya kwa kesingi bila kungoja idhini ya yeyote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bomba la kisima lililozungushiwa saruji si kitu kimoja kigumu, bali ni ushirika wa vitu vyenye tabia tofauti. Chuma hunyumbuka na kurudi, saruji huhimili kubanwa lakini hupasuka inapovutwa, na mwamba huvisaidia au huviangusha. Kanieneo ya ndani hulichana bomba, ile ya nje hulibonyeza, na joto huweza kuleta madhara hata pale ambapo vipimo vya kanieneo vinaonekana vya kawaida. Aidha, imebainika kwamba kisima kinaweza kushindwa huku chuma chake kikiwa hakina kasoro yoyote, endapo saruji haikuziba njia.

Ni jukumu la wahandisi kujenga visima imara. Ni jukumu la wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kushirikiana nao ili maelezo ya visima hivyo yapatikane kwa lugha inayoeleweka Naivasha, Nakuru na Lokichar. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuanza na hatua ndogo: kukaa na wanafunzi wa uhandisi wa chuo hicho hicho, kuorodhesha istilahi za fani moja, na kuzijaribu kwa kuandika maelezo ambayo mtu asiyekuwa mhandisi atayafuata hadi mwisho.